Ukishuka Seyda Neen, Usikimbie

"Shangazi, huyu kaa hafi!"

Sauti hiyo ndiyo iliyonitoa jikoni Jumamosi moja jioni. Mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yangu kuukuu, na mtu wake wa kwenye skrini ameshika kisu, anamchoma kaa wa matope kando ya maji. Anachoma, anachoma tena, kisu kinapita hewani kana kwamba kaa ni moshi. Kaa naye hana haraka. Anabana kidogo, anasubiri, anabana tena. Haikuchukua muda, yule mtu akaanguka kifudifudi, amekufa. Kijana akanigeukia, uso umemshuka: "Shangazi, gemu hii ni mbovu."

Mpenzi msikilizaji, gemu si mbovu. Jioni hii nataka tukae na wale wote ambao kaa huyo amewashinda, au atawashinda wiki ijayo, niwaambie ninayotamani ningeambiwa nilipoianza mimi.

Gemu yenyewe ni Morrowind, na jina lake kamili ni The Elder Scrolls III: Morrowind. Ilitoka mwaka 2002, imetengenezwa na Bethesda, kampuni ya mji wa Rockville, jimbo la Maryland, Marekani. Ni ya tatu katika ukoo ulioanza na Arena mwaka 1994, na wadogo zake, Oblivion wa 2006 na Skyrim wa 2011, ndio vijana wengi wanaowajua kwa majina. Utaniuliza, mbona nakuletea kitu cha zamani hivyo? Sababu moja ni mfuko. Ilipotoka, iliomba prosesa ya megahezi 500, na kwa Windows XP ikaomba kumbukumbu ya megabaiti 256 tu. Ile kompyuta iliyolala stoo tangu ofisi inunue mpya inaiweza bila kutoa jasho. Isitoshe, wapo watu wa kujitolea waliotengeneza programu ya bure iitwayo OpenMW, inayoiendesha gemu hii hata kwenye Linux, ilimradi uwe umeinunua gemu yenyewe.

Lakini mfuko si sababu kubwa. Gemu nyingi za siku hizi zinakushika mkono. Katika Skyrim kuna alama kwenye dira inayokuonyesha pa kwenda, nawe unaifuata kama mbuzi anavyofuata kamba. Morrowind haina kamba hiyo. Inakushusha bandarini, inakupa barua, inakuacha. Wewe ni mgeni, na kila mtu atakuita mgeni, tena wengine kwa kejeli. Anayeanza akishaelewa kwamba kazi yake ya kwanza ni kuwa mgeni mwenye adabu na masikio, nusu ya ugumu imekwisha.

Unaanza ndani ya meli, mfungwa. Mfungwa mwenzako, Jiub, anakuamsha na kukuuliza jina. Unashushwa katika kijiji cha Seyda Neen, kwenye kisiwa cha Vvardenfell, na kupelekwa ofisi ya sensa na ushuru. Mzee wa pale anakuuliza wewe ni mtu wa kazi gani. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu, wala hawajui kama wameharibu.

Gemu ina stadi 27. Tano utazifanya kuu, tano ndogo, na zile 17 zilizobaki zinakaa pembeni. Stadi kuu zinaanza na alama 30, ndogo 15, na za pembeni 5 tu, kisha unaongezewa kidogo kulingana na kabila ulilochagua na aina ya kazi yako. Sasa mtoto wa kaka yangu alikuwa amechagua panga refu liwe stadi yake kuu. Vizuri kabisa. Alipotoka kwa mzee wa sensa akapita chumba chenye meza, juu ya meza kuna kisu. Akakichukua, kama mimi nilivyokichukua, kama karibu kila mtu anavyokichukua. Kumbe kwa Morrowind kisu na panga refu ni stadi mbili tofauti. Yeye alikuwa fundi wa panga refu anayepigana na kaa kwa kisu, na kwa kisu alikuwa na alama 5.

Nivumilie niikokotoe hesabu, maana ndiyo siri ya kaa. Unapopiga, kompyuta inarusha kitu kama dadu. Inachukua ustadi wako wa silaha uliyoshika, inajumlisha sehemu ya tano ya wepesi wako na sehemu ya kumi ya bahati yako. Mwenye ustadi 5, wepesi 30 na bahati 40 anapata 15. Kisha inazidisha kulingana na pumzi uliyobaki nayo: pumzi ikiwa imejaa, zidisha kwa 1.25, ikiwa imeisha kabisa, kwa 0.75. Kwa hiyo kijana wetu akiwa na pumzi tele, mapigo kama 19 tu katika kila 100 yangempata kaa. Akiwa hoi, 11. Na hapo hatujaondoa uwezo wa kaa mwenyewe kukwepa. Mpe panga refu mtu huyo huyo, ustadi 45, hesabu inakuwa 69 akiwa na pumzi na 41 akiwa hoi. Kaa ni yule yule, mkono ni ule ule.

Basi chagua silaha moja na vazi la vita la aina moja, uviweke kwenye stadi kuu, ushikamane navyo. Mlango wa pili kijijini kuna duka la Arrille. Ofisini umepewa sarafu 87. Nenda kanunue silaha uliyosomea, hata kama ni ya chuma cha kawaida, hata kama kile kisu ulikipata bure.

Sasa nije kwenye pumzi, maana hapa ndipo nataka tukae.

Chini ya skrini, upande wa kushoto, kuna mistari mitatu. Mwekundu ni uhai wako, wa bluu ni nguvu ya uganga, na wa kijani ni pumzi. Anayeanza anautazama mwekundu peke yake. Anakimbia toka nyumba hadi nyumba, toka kijiji hadi pango, kwa sababu kutembea kunachosha jicho. Kila hatua ya mbio inakula ule wa kijani. Anafika mlangoni mwa pango mstari umekauka, jambazi anamrukia, na kila pigo linakwenda hewani. Anasema gemu mbovu. Msikilizaji, mtu aliyekimbia kutoka Ubungo hadi Kariakoo, akifika umkabidhi panga apigane, atapiga nini?

Na ule mstari wa kijani hauishii kwenye vita. Ukiwa hoi, uganga wako unashindwa mara kwa mara. Ukiwa hoi, hata mwenye duka anakuuzia ghali na kununua vyako kwa bei ya kutupa. Walioitengeneza waliona mbali: mtu anayehema hovyo hasikilizwi sokoni. Kwa hiyo kimbia ukiwa njia kuu na huna adui. Ukikaribia pango, kaburi au magofu, anza kutembea. Simama. Vuta pumzi mpaka mstari ujae, ndipo usukume mlango. Nje ya miji unaweza kulala popote pasipo na adui karibu. Ndani ya mji kulala barabarani ni marufuku, tafuta kitanda cha kulipia.

Nilimwambia kijana afanye hivyo tu, asibadilishe kingine. Akauza kisu, akanunua panga, akatembea hadi ufukweni kama mtu anayekwenda msibani. Kaa alikufa kwa mapigo matatu. Aliruka kwenye kiti, nami moyo ukafurahi kama nimemwona akifaulu mtihani.

Kuna jingine dogo nitalipita haraka. Kila ukiongeza alama 10 katika stadi zako kuu na ndogo, ukalala, unapanda ngazi, na unachagua sifa tatu za mwili au akili za kuongeza. Usiiache stahamala ikakaa chini. Kila ngazi unaongezewa uhai sawa na sehemu ya kumi ya stahamala uliyonayo wakati huo, na gemu hairudi nyuma kukulipa ulichokosa. Mwenye stahamala 40 anapata 4, mwenye 100 anapata 10. Ipandishe mapema.

Turudi Seyda Neen, maana kijiji hiki kidogo kina mafunzo mengi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye pipa, uani mwa ofisi ya ushuru, kuna pete ya uponyaji. Utaiokota. Ukitoka tu getini, jamaa mfupi anaitwa Fargoth anakuuliza kama umeiona pete yake. Una hiari. Ukikaa nayo, hakuna atakayekukamata. Ukimrudishia, Fargoth anakupenda, na Arrille mwenye duka, rafiki yake, naye anakuona mtu mwema na bei zake zinalegea. Hakuna ubao unaokutangazia kwamba umetenda wema. Unagundua dukani. Mimi nilikaa nayo mara ya kwanza, na nilijua baadaye sana nilichopoteza.

Ukishika njia ya kwenda Pelagiad, usishangae kusikia mtu akipiga kelele juu angani. Atakuangukia karibu na miguu yako, amekufa. Ni mchawi, jina lake Tarhiel, na daftari lake linaeleza uvumbuzi wake wa kuruka. Mfukoni ana hati tatu za uganga huo. Ukisoma moja, uwezo wako wa kuruka unaongezeka kwa alama 1,000, lakini kwa sekunde 7. Utaruka juu mpaka vijiji viwe kama punje za mtama. Sekunde 7 zikiisha ungali angani, ndipo utakapoelewa kilichomuua Tarhiel. Anayeanza asizitumie kwa pupa. Na akitaka kuonja, asome hati ya pili kabla hajagusa ardhi, uganga ule ule uliomrusha utampokea.

Naam, nifike kwenye jambo lililonifanya niombe dakika hizi za redio.

Barua uliyopewa inakutuma mji wa Balmora, kwa mtu anayeitwa Caius Cosades. Hakuna mshale. Umeambiwa mji, ukaambiwa uulizie kwenye baa ya South Wall. Unaweza kupanda mdudu mkubwa wa usafiri, yule mwenye miguu mirefu kama minazi, au uende kwa mguu kupitia Pelagiad. Ukifika, unaingia baa, unauliza. Mwenye baa anajua. Ndivyo gemu nzima inavyokwenda: vuka mto, shika kushoto penye kibao, ukiona mwamba wenye umbo fulani umepita, rudi. Msikilizaji, hayo si mageni kwetu. Sisi ni watu wa "nenda mpaka penye mwembe, muulize muuza chipsi, atakuonyesha". Mtu aliyekulia kwenye mitaa isiyo na namba za nyumba ana kipaji tayari kwa Morrowind, na huenda hajui kama anacho.

Kikwazo ni lugha. Gemu hii haina Kiswahili. Watu wake wanazungumza kwa maandishi ya Kiingereza, tena marefu, na daftari la ndani ya gemu linajaa haraka. Ushauri wangu ni wa kizamani: chukua daftari la kweli na kalamu. Kila ukielekezwa njia, iandike kwa Kiswahili chako mwenyewe. Mtu huruka neno asilolielewa akisoma, lakini hawezi kuliruka akitafsiri. Kijana wangu alikuwa anakuja jikoni na daftari, "Shangazi, hili neno ni mteremko au ni bonde?" Tulibishana juu ya bonde kama watu waliokwenda kweli. Katika mwezi ule Kiingereza chake kilikua mbele ya macho yangu, na hakuna aliyemlazimisha.

Ukimpata Caius, utamkuta kifua wazi, chumba kimechakaa, na hatakutuma kuokoa dunia. Atakupa sarafu 200 na kukwambia ukatafute kazi, ujiunge na chama, ujifunze, urudi ukiwa umekomaa. Wanaoanza wengi wanadhani hayo ni maneno ya kupitisha muda. Si hivyo. Anakupa ruhusa ya kuiacha hadithi kuu, nawe itumie. Jiunge na chama cha wapiganaji au cha waganga pale pale Balmora, fanya vibarua vidogo: kuua panya wa mtu, kuchuma uyoga kwenye vinamasi. Hadithi kuu itakusubiri hata mwaka.

Baadaye utatumwa kujifunza mila za Waashlander, wafugaji wanaohamahama na kuishi kwenye mahema. Atakayekufundisha ni mfanyabiashara wa mji wa Ald'ruhn, Hassour Zainsubani, naye hafundishi mikono mitupu. Inabidi uulizie mjini anapenda nini, na utaambiwa anapenda mashairi. Unakwenda kutafuta kitabu cha mashairi, unamletea kwa adabu, ndipo mzee anafungua kinywa. Nilipofika hapo mara ya kwanza niliacha panya wa kompyuta nikacheka kwa furaha, maana nilimwona babu yangu. Katika gemu nyingine ningempiga mpaka aseme.

Kuhusu kusevu: sevu mara nyingi, kwa majina tofauti. F5 inasevu upesi na F9 inarudisha, lakini usiitegemee F5 peke yake, inafuta ya nyuma. Katika Morrowind unaweza kumuua mtu yeyote, hata yule ambaye hadithi haiwezi kwisha bila yeye. Ukifanya hivyo, gemu inakuonya kwamba uzi wa utabiri umekatika, inakuachia uamuzi: rudi nyuma, au endelea kuishi katika dunia uliyoiharibu. Nimeona mtu akiwa na sevu moja tu, akaharibu kazi ya wiki tatu kwa hasira ya dakika moja.

Wazazi na walezi, nanyi nina neno. Gemu hii ina dawa za kulevya, ina mauaji, na ina utumwa. Karibu na Seyda Neen kuna pango la magendo, Addamasartus, na ndani yake wamefungiwa watumwa, watu wenye sura za paka na za mijusi. Mmoja wa majambazi ana ufunguo. Kijana alipofika pale alinyamaza. Darasa lao lilikuwa limekwenda Bagamoyo mwaka uliotangulia, kujifunza habari za biashara ya watumwa. Alipigana mpaka akaupata ufunguo, akarudi kuwafungulia mmoja mmoja, kila mmoja akimsemesha kabla hajamwacha aende. Kisha akauliza kwa nini walinzi wa kijiji, ambao wako hatua chache tu, hawakuja. Sikuwa na jibu jepesi, na tulikaa mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo msiwaache watoto peke yao na gemu hii. Vuteni kiti mkae karibu.

Wiki ya tatu kijana alitumwa Arkngthand, magofu ya watu waliotoweka, kutafuta kiboksi cha fumbo. Maelekezo aliyaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa kulala: toka Balmora, pita ngome ya Moonmoth, tafuta daraja la zamani linalovuka bonde la lava iliyokauka, ng'ambo yake ndipo penyewe. Alipotea mara mbili. Mara ya kwanza aliteremka ndani ya bonde lenyewe, mara ya pili ndege wabaya wa milimani wakamkimbiza mpaka akasahau kilima alichotokea. Hakuniuliza. Alirudi ngomeni, akasimama, akasoma daftari upya kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

Daraja lilikuwepo. Alivuka akitembea, mstari wa kijani umejaa. Mlango wa mawe ulikuwa umefungwa na hauna kitasa. Akausukuma, akauzunguka, akarudi kwenye daftari. Chini kabisa ya ukurasa alikuwa ameandika neno moja na kulipigia mstari: bomba. Akatazama kulia, akaliona bomba na mkono wake wa kuzungushia, akazungusha.

"Shangazi," akaniita, safari hii kwa sauti ya chini, "njoo uone, limefunguka."